Mashine ya msasa ya duara inakusumbua? Cheki dalili kwanza kabla hujashika bisibisi

Hizi mashine za msasa za duara, zile za pedi ya inchi 5 au 6, saivi ziko kila karakana kuanzia Keko pale Dar mpaka Ngong Road Nairobi, na malalamiko yake ni yaleyale: inaacha alama, haizunguki, inatema msasa, vumbi linajaa kila mahali, inachemka, inapiga kelele. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi alafu nashuka mpaka ile ya nadra, vitu vya kuangalia kwa macho na mkono vinatangulia, kufungua mashine kunakuja mwisho, na pale ambapo fundi mbao hatakiwi kuendelea nimesema wazi acha.

Ila elewa kitu kimoja kwanza maana bila hicho utabadilisha vipuri bure. Kwenye grenda diski imeunganishwa na mota kwa gia, mota ikizunguka diski lazima izunguke. Hapa sio hivo. Pedi imekaa kwenye beringi yake, na hiyo beringi imewekwa pembeni kidogo ya katikati ya shafti, kwaiyo mota inailazimisha pedi kucheza viduara vidogo vya milimita 2 na nusu mpaka 5 hivi, lakini ule mzunguko wa pedi yenyewe hauna gia nyuma yake, pedi inaburuzwa tu na beringi. Ndo maana mikwaruzo yake haifuati njia moja na mbao inatoka laini hata ukipita kinyume na nyuzi. Na ndo maana ukikandamiza mzunguko unakufa. Hili la kukandamiza litajirudia karibu kila sehemu hapa chini kwa sababu kweli ndo chanzo kikubwa, mashine hii inataka uzito wake yenyewe na mkono wa kuiongoza, basi.

Na chomoa plagi kabla ya kugusa pedi au kufungua chochote. Kuzima swichi peke yake haitoshi, swichi za hizi mashine zikijaa vumbi zinaweza kushika zenyewe.

Inaacha viduara kwenye mbao, na vinaonekana zaidi ukishapaka rangi ya mbao au vanishi

Hii ndo inayoumiza watu kuliko zote maana unaiona kazi ikiwa imeshaisha, mninga umependeza, unapaka steini, ghafla vinatokea vikwaruzo vya kujikunja meza nzima na mteja anasubiri.

Sababu ya kwanza ni mkono. Umekandamiza, pedi imeacha kuzunguka, imebaki inacheza palepale inachimba. Legeza mkono upitishe tena namba ileile uone kama vinaisha.

Ya pili ni kuruka namba za msasa. Mtu anaanza na 60 alafu anadaka 180 kwa sababu 120 imeisha, anaona mbao imekuwa laini kwenye kiganja anaridhika, kumbe ile 180 imelainisha vichwa vya mikwaruzo ya 60 tu, mabonde yake yako chini pale pale yanasubiri steini iyajaze. Kanuni ya kukumbuka, namba inayofuata isizidi sana mara moja na nusu ya iliyotangulia, yaani 80 kisha 120 kisha 180, na kama ni kazi ya klia, yaani vanishi isiyo na rangi, ya kung'aa basi 220 au 240. Kwa kazi ya steini mi nashauri uishie 180, ukipanda mpaka 320 unaisugua mbao mpaka inafunga na steini haiingii vizuri, unapata rangi iliyopauka huku na kukolea kule.

Ya tatu ni chembe. Umemaliza na 80, hukufuta, ukaweka 180 juu ya vumbi lilelile. Chembe moja ya 80 iliyobaki kwenye mbao au kwenye pedi inaingia chini ya msasa mpya na inachora viduara safi kabisa vya kujirudia. Kila ukibadili namba futa mbao kwa brashi au vakyumu, futa na pedi, futa na benchi. Dakika moja tu hiyo.

Ya nne, unaikimbiza. Watu wanaiendesha kama wanapiga pasi shati kabla umeme haujakatika. Mwendo mzuri ni kama sentimita 2 mpaka 3 kwa sekunde, kila mpito unapanda nusu ya mpito uliopita. Ni polepole kuliko unavyofikiri, jaribu uhesabu.

Ya tano, msasa wenyewe. Msasa wa bei ya chini kabisa una punje zisizolingana, mbili tatu zinasimama juu ya zenzake na hizo ndo zinachora. Au msasa mzuri lakini umeshika tone la gundi au vanishi likaungua likawa gumu kama kijiwe, ugeuze uangalie, ukiona doa jeusi linalong'aa tupa.

Ya mwisho kabisa ndo pedi iliyochanika au beringi iliyolegea, na hizo zina dalili nyingine nazifikia.

Namna ya kuviona kabla ya kupaka: zima taa ya juu, laza tochi ya simu karibu usawa wa mbao ili mwanga upite kwa ubavu, kila kikwaruzo kitatupa kivuli. Au pangusa mbao na kitambaa chenye spiriti kidogo, sehemu yenye mikwaruzo inajionyesha kabla haijakauka. Hii ya spiriti fanya mashine ikiwa imechomolewa na iko mbali, mvuke wake unashika moto na mota ya kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota) inatoa cheche muda wote. Na mwisho wa kazi ya maana, mlango au juu ya meza, malizia kwa mkono na msasa wa namba ileile ya mwisho ukifuata nyuzi, mara chache tu. Mafundi wazee wanafanya hivyo na sio kwa sababu hawaijui mashine.

Pedi haizunguki, inatetemeka tu

Piga mstari na makapeni pembeni ya pedi. Washa ikiwa juu ya mbao bila kuikandamiza. Mstari ukionekana unapita pita taratibu basi pedi haina tatizo. Sasa ongeza mkono kidogo kidogo, utaona mwenyewe ni wapi unasimama. Hapo ndo mpaka wako, usiuvuke. Watu wengi wakifanya hili jaribio wanagundua hawana mashine mbovu.

Kama hata bila kukandamiza mstari haupiti, angalia spidi iko chini mno au la, alafu angalia kama msasa umelala bapa, ukifanya kazi kwa ukingo wa pedi mzunguko unakwama. Alafu breki, ule mpira wa duara ulio kati ya bodi na pedi, kama umejikunja au umejaa uchafu mgumu unabana. Ukitoka hapo ndo beringi ya pedi: chomoa plagi, zungusha pedi kwa kidole. Inatakiwa izunguke kwa ulaini na ukinzani mdogo wa breki. Ikikwaruza kama ina mchanga, beringi imekwisha.

Kinyume chake: ukiinua mashine pedi inakimbia kama feni, ukiishusha inarukia mbao

Karibu mara zote hii ni breki imelika. Kazi ya ule mpira ni kuishikilia pedi isichanganye mzunguko ikiwa hewani. Ukiisha, pedi inapanda kasi yote ya mota, elfu 10 au 12 kwa dakika, ukiitua inachimba shimo la mwezi mchanga kwenye mbao na inaweza kukuponyoka mkononi. Kipuri chenyewe ni kidogo na bei yake ni ndogo, unatoa skrubu za pedi, unavua mpira wa zamani unavalisha mpya. Wakati unasubiri kipuri weka mashine kwenye mbao kwanza ndo uwashe, na ukimaliza inua ikiwa bado inazunguka taratibu alafu zima, lakini usifanye huo kuwa utaratibu wa mwaka mzima. Na usijaribu kufunga kipande cha tyubu ya baiskeli pale, nimeona imefanywa, ikikatika inaingia kwenye feni.

Kama mashine yako ni ile ya njia mbili yenye gia, kama Rotex ya Festool au zile kubwa za Makita na Bosch za wati 700 na kitu, cheki kwanza umeiweka njia gani. Kwenye njia ya gia pedi inalazimishwa kuzunguka na lazima iwe kali, hiyo sio ugonjwa.

Msasa haukai, unaruka

Hapa ni joto. Vile vimeno vya plastiki vya velkro kwenye pedi vinayeyuka ukikandamiza, hasa kwenye ukingo, na ndo maana utakuta pedi katikati inashika vizuri pembeni haishiki. Pitisha kidole usikie, vimeno vizima vinakwaruza, vilivyoyeyuka vinateleza. Vikiwa vizima lakini vimejaa vumbi, sugua na mswaki mkavu, inarudi.

Sababu nyingine ni msasa wenye mgongo mwepesi mno, au umebandua na kubandika mara nyingi mpaka manyoya yameisha.

Vimeno vikishayeyuka hakuna dawa, badili pedi. Gundi ya kupaka kwenye pedi ili msasa ushike ni hasara, utaua pedi kabisa na msasa utatoka vipande vipande. Ukibadili pedi hakikisha mashimo yanalingana na mashine yako na skrubu zinalingana, pedi za inchi 5 zinafanana kwa macho lakini matundu ya skrubu yanatofautiana kampuni na kampuni. Ukitaka pedi iishi, kuna kile kipande chembamba cha velkro cha kuweka katikati ya pedi na msasa, chenyewe ndo kinaliwa badala ya pedi.

Msasa unajaa dakika mbili tu umekuwa laini

Kwanza mbao mbichi. Mbao ambayo haijakauka haitoi vumbi, inatoa ujiuji unaojaza msasa. Hakuna namba ya msasa itakayokuokoa hapo, rudisha mbao ikae. Pili paina na jamaa zake wenye utomvu, joto likipanda utomvu unayeyuka, kwaiyo punguza spidi. Tatu vanishi au sila (koti la kwanza la kuziba mbao) ambayo haijakauka ndani, juu inaonekana kavu ila ukipitisha mashine inajikunja vijibonge, ngoja mpaka ukipitisha msasa kwa mkono itoke unga mweupe. Nne ni uvutaji wa vumbi umekufa, soma chini.

Kuna msasa wenye unga mweupe mweupe wa kuteleza juu ya punje, umetengenezwa kwa ajili ya rangi na sila hasa, usijaze. Bei imezidi kidogo, kwa kazi ya kati ya koti na koti unalipa. Na msasa ukijaa vumbi kavu usitupe haraka, kile kifutio cha mpira cha kusafishia msasa kinaurudisha mara kadhaa.

Vumbi linatapakaa, kimfuko hakijai

Angalia mashimo ya msasa na ya pedi yamekaa sawa au umebandika kwa kukisia. Hii peke yake inamaliza nusu ya kesi. Alafu kimfuko kimejaa au kitambaa chake kimeziba, kikung'ute, kile kitambaa lazima kipumue. Alafu njia ya ndani kutoka pedi mpaka mfukoni, mara nyingi kuna donge, hasa ukifanya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa. Mwisho ni kifeni cha ndani kimevunjika panga, utasikia na mlio umebadilika.

Vumbi la mbao sio uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995, pua na matundu yake ndo yanayopigwa. Mvule unawasha macho, ngozi na kifua cha watu wengi, mninga nao una watu unawakaba. Leso ya kufunga mdomoni haizuii zile chembe ndogo kabisa na hizo ndo mbaya, vaa barakoa ya FFP2 au N95 inayokaa vizuri usoni, na ukiweza unganisha mashine na vakyumu.

Acha hapa kama unapiga msasa milango au madirisha ya zamani yenye rangi za tabaka tabaka. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Hiyo kazi inataka mtu mwenye vifaa na mahali pa kuifanyia, sio uani ambapo watoto wanacheza. Na ile milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu usiiguse na mashine kabisa hata kama haina rangi, pedi inakula ncha za nakshi kwa sekunde chache, na kazi ya mkono ya miaka mia hairudi.

Kimfuko kimwagwe nje kila jioni. Vumbi la vanishi na mafuta ya kitani likilala limeshindiliwa linaweza kupata joto lenyewe mpaka likawaka. Ukigusa msumari na cheche ikaingia mfukoni ni hivyohivyo, kwaiyo ng'oa misumari kabla, hasa kwenye mbao za paleti.

Inachemka, inanukia, nguvu imepungua

Cheki kwa mpangilio huu. Mkono, umekandamiza? Legeza, iache izunguke bila mzigo dakika moja mbili ipoe, usiizime ikiwa moto maana feni yake ndo inayoipooza. Alafu matundu ya hewa juu ya bodi, yakiwa yameziba puliza kwa hewa ya kompresa kwa mbali na sio presha yote, vaa miwani.

Hapa niseme kuhusu jipsamu. Mashine nyingi za mbao zinakufa kwa sababu ziliazimwa kwenda kupiga msasa ukuta au dari ya jipsamu. Vumbi la jipsamu ni laini kuliko la mbao, linapita kwenye mota, linakaa kwenye beringi, linakula. Kazi ya ukuta ina mashine yake na vakyumu yake. Kama umeazimisha na ikarudi nyeupe, ifungue uisafishe siku hiyohiyo.

Alafu umeme. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba inapunguza volti, mota inapoteza nguvu, wewe unakandamiza kufidia, joto linapanda. Waya wa shaba wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita 20 au 30 unatosha kabisa hata mashine ya wati 750. Kama unatumia ile ekstensheni ya kuviringisha kwenye gurudumu, ivute yote, ikibaki imeviringishwa inachemka yenyewe. Vijenereta vidogo ambavyo umeme wake unapanda na kushuka vinaua ile saketi ya kubadilishia spidi.

Na kwa wanaonunua mashine za mtumba, hii isikilize vizuri. Soma kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Mashine ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, zile za plagi ya njano za sehemu za ujenzi Uingereza ni 110. Kwetu umeme ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Ukichomeka moja kwa moja itazunguka kwa kasi ya ajabu alafu moshi. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi wati za mashine, kwaiyo piga hesabu na bei ya transfoma kabla hujafurahia bei ya mashine.

Acha hapa ukiona moshi, au ukiangalia kwenye matundu unaona moto unazunguka duara zima ndani badala ya vicheche vidogo vya bluu kwenye kaboni. Hiyo ni amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imeshoti. Kuendelea kuiwasha kunaua na fildi pia, zile koili za nje zisizozunguka. Mpelekee fundi wa kusuka mota, na umuulize bei ya amecha mpya kwanza, maana kwa mashine ndogo za wati 300 kusuka mara nyingi hakulipi.

Haiwaki, au inawaka na kukata

Jaribu soketi nyingine na kifaa unachojua ni kizima. Fungua plagi, angalia fyuzi, na kwa mashine ya wati 300 weka fyuzi ya ampea 3, 13 ni kubwa mno haitakulinda. Kisha shika waya pale unapoingia kwenye mashine, washa huku unaukunja polepole, ikiwaka na kukata waya umekatika ndani ya mpira pale pale, ndo panapokatika sana.

Kama waya mzima basi kaboni. Mashine nyingi zina vifuniko viwili ubavuni vya bisibisi, fungua utoe kaboni, nyingi zina mstari wa mwisho uliochorwa, ikifika kwenye mstari badili zote mbili kwa pamoja hata kama moja inaonekana ina afadhali. Zisikilize zinavyoteleza kwenye nyumba zake, zikikwama futa. Kaboni mpya zitatoa cheche kidogo dakika za mwanzo mpaka zikae, kawaida. Usichonge kaboni ya grenda kubwa kwa tupa ili iingie, ugumu wake ni tofauti na itakula shaba ya amecha.

Baada ya hapo ni swichi na saketi ya spidi. Ikizunguka spidi moja tu hata ukigeuza kitufe, saketi imekufa. Kama huna mita na hujui kuitumia, ishia hapa.

Acha kabisa kama imekupiga shoti hata kidogo tu ya kuwasha mkono. Mashine hizi zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake insulesheni mara mbili, hazina waya wa athi. Ikikupiga basi kinga zote mbili zimeharibika, na ukiwa na jasho umesimama sakafu ya saruji yenye unyevu hiyo inaua. Fundi umeme, sio kuizungushia utepe.

Kelele mpya na mtetemo wa kuumiza mkono

Anza na msasa haujakaa katikati, utetemeko wote unaweza kuwa ni huo. Alafu skrubu za pedi zimelegea. Alafu pedi si yake: ukifunga pedi ya inchi 6 kwenye mashine ya inchi 5 ile chuma ya kusawazisha uzito ndani haikupimwa kwa uzito huo, itatikisika mpaka ipasue beringi.

Ikipiga filimbi au mngurumo wa mchanga ni beringi. Shika pedi uisukume juu chini, ikicheza imeisha. Namba ya beringi imeandikwa kwenye ringi yake, peleka hiyo namba dukani, na chagua yenye 2RS mwishoni, ina mpira pande zote mbili unaozuia vumbi, ZZ ina kifuniko cha bati na vumbi la mbao linapita. Kuitoa kunataka kifaa cha kuvutia, ukiigonga kwa nyundo unapinda shafti, na shafti ikipinda mashine imekwisha. Huna kifaa, mpe fundi.

Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi baada ya kazi, punguza masaa na uende hospitali, usingoje mpaka viache kurudi. Ulaya kiwango cha mtetemo kinachomtaka mwajiri aanze kuchukua hatua ni mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya masaa 8, na kibati au kijitabu cha mashine nzuri kinaandika namba yake, iangalie kabla ya kununua.

Mbao ina mabonde, au vinia (utando mwembamba wa mbao wa juu) imetoboka

Umekaa sehemu moja kuondoa doa. Panua eneo, usichimbe. Kwenye paina pedi laini inakula sehemu laini za pete na kuacha ngumu zimesimama, tumia pedi ngumu. Kwa plaiwudi ya siku hizi vinia ya juu mara nyingi haifiki hata milimita moja, anza na 150 au 180, usiiguse na 80, na ikishatoboka hairudi.

Mashine nzima, mkono mzuri, msasa mpya, lakini kazi haiendi

Basi ni mashine isiyo ya kazi yako. Usiangalie wati tu. Angalia ukubwa wa obiti, yaani vile viduara vya pedi: milimita 2.5 mpaka 3 ni ya kumalizia, inatoka laini ila inakula polepole, milimita 5 inakula haraka ila inataka namba zipande kwa mpangilio. Makita BO5031 kwa mfano ni wati 300, pedi ya milimita 125, spidi unabadili 4,000 mpaka 12,000, hiyo kwa viti, droo na milango inatosha sana. Rotex RO 150 ni wati 720 na obiti ya milimita 5, hiyo ni ya juu za meza za mkongo na kutoa vanishi ya zamani, lakini nzito, ukutani mkono utachoka. Na kama mbao imetoka kwenye msumeno ina mawimbi, hata hiyo siyo kazi yake, piga randa kwanza.

Kuna wanaochukua ile ya upepo ya gereji za magari kwa sababu ni nyepesi na haina mota ya kuungua. Nzuri, lakini inataka presha ya baa 6.2 muda wote na inakunywa hewa nyingi, kompresa ndogo ya farasi 2 itakupa nguvu dakika moja alafu inalegea unasubiri ijaze. Kama huna kompresa kubwa chukua ya umeme.

Dukani omba iwashwe, sikiliza mlio, iinue uone breki inaishikilia pedi, geuza spidi yote. Alafu muulize muuzaji swali moja: pedi na kaboni za mashine hii unazo hapo kwenye rafu? Akisema zitaagizwa, tafuta nyingine.